Filimbi na Mkeka

Hasara haikubali kukaa bila mwenyewe. Mkulima akikosa mavuno huuliza ni nani aliyelitazama shamba lake kwa jicho baya. Mfanyabiashara akifilisika hutaja ushuru, barabara na washindani wake, na jina lake mwenyewe huliweka mwisho wa orodha, kama huliweka kabisa. Si kwamba watu hawa ni waongo. Maumivu hutafuta mlango wa kutokea, na mlango ulio karibu mno na mkono ni wa jirani. Kwa vijana wengi wa Tanzania mlango huo umeandikwa siku hizi maneno mawili: mechi imeuzwa.

Itumba ni mji mdogo. Ndio makao makuu ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya. Umekaa katika nchi ya milima na baridi, nchi ya mahindi, migomba na kahawa, si mbali na mto Songwe ambao ng'ambo yake ni Malawi. Mpira wa mataifa makubwa hufika huko kwa picha. Jumamosi jioni vijana hukusanyika katika vile vibanda ambavyo watu wameviita vibanda umiza, wakatoa kiingilio kidogo, wakabanana juu ya mabenchi bega kwa bega. Na kwa muda wa saa mbili London na Madrid huwa karibu kuliko Tunduma. Zamani waliokaa humo walikuwa mashabiki tu. Sasa wengi wao ni mashabiki na wadau pia, maana kila mmoja ana simu mkononi, na katika simu ana mkeka.

Mkeka huu si wa ukindu, wala haulaliwi. Ni orodha ya mechi ambazo mtu amezitabiria matokeo kwa pamoja. Mbele ya kila tokeo kampuni ya kubashiri huandika tarakimu ambayo vijana huiita odi, yaani fedha itakayolipwa kwa kila shilingi moja iliyowekwa. Odi za mechi zote huzidishwa moja kwa nyingine, na kwa hiyo dau la shilingi mia tano laweza kuahidi laki kadhaa. Lakini sharti ni moja, nalo ni kali: ikikosewa mechi moja tu, mkeka mzima umechanika.

Kijana mmoja wa Itumba alichanikiwa na mkeka katika majira ambayo watu hungojea mvua za kwanza. Mama yake alikuwa amempa fedha za mifuko miwili ya mbolea akainunue. Hakuitumia yote siku moja, kwa kuwa watu hawaanguki shimoni kwa namna hiyo. Aliweka mia tano, kisha elfu moja, kisha elfu mbili ili kuirudisha ile elfu moja; na wiki ya tatu ilipokwisha, fedha ya mbolea ilikuwa imebaki kiasi cha dau moja kubwa. Akasuka mkeka wa mechi kumi. Tisa zikatokea kama alivyotabiri. Ya kumi ilikuwa inaelekea kutokea, mpaka dakika za nyongeza, ambapo timu iliyokuwa nyuma ilisawazisha. Usiku ule hakulala. Asubuhi alikwenda kwa mjomba wake, mwalimu mstaafu, mtu ambaye katika ujana wake alikuwa mwamuzi wa mpira wa shule na wa kata.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Uso wako una habari kabla ya kinywa."

Kijana alieleza kila kitu, na hilo ni jambo la kumsifu. Lakini alimaliza kwa kusema, "Mechi ile ilipangwa, mjomba. Wenye kampuni waliona mikeka ya watu inakaribia, wakaiuza. Hata odi yake ilishuka tangu asubuhi. Naomba unikopeshe fedha ya mbolea kabla mama hajajua."

Mwalimu hakujibu ombi lile. Aliomba kalamu na daftari, akamwambia kijana akae karibu.

Alianza na mechi moja. Wadhani, alisema, kwamba katika mechi fulani magoli kuwa matatu au zaidi, na magoli kuwa pungufu ya matatu, ni mambo mawili yenye uwezekano sawasawa, kama pande mbili za sarafu. Haki ingekuwa kuandika odi ya 2.00 kila upande. Kampuni haiandiki hivyo. Huandika, mathalani, 1.90 na 1.90. Mwenye kushinda kwa shilingi 1,000 hupewa 1,900, si 2,000. Kwa wastani, katika kila shilingi 100 zinazowekwa, 95 hurudi kwa watu na 5 hubaki kwa kampuni. Hapo hapana hila ya siri. Tarakimu ile imeandikwa mbele ya macho ya kila mtu, na kila mtu huisoma kama ahadi wala haisomi kama bei.

Kisha akaenda kwenye mkeka wa mechi kumi za namna hiyo. Uwezekano wa kupata zote ni mmoja katika 1,024. Kama malipo yangekuwa ya haki, shilingi 500 ingelipa 512,000. Lakini 1.90 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi hutoa 613 na kitu kidogo, na kwa hiyo mshindi hupata 306,500 hivi. Ile sehemu ndogo ya tano katika mia, iliyoonekana kama ada ya mlinzi wa mlango, imejizidisha mechi kwa mechi mpaka imekuwa arobaini katika mia. "Mwizi wa nini tena?" aliuliza mwalimu. "Mtu ambaye mashine yake ya kusaga hubakiza debe nne katika kila debe kumi, ana haja gani ya kuja usiku kuvunja ghala lako?"

Hesabu ya tatu ndiyo iliyomnyamazisha kijana. Katika mikeka 1,024 ya mechi kumi, kwa wastani mmoja hushinda. Lakini mikeka kumi hukosa mechi moja tu. Maana yake ni kwamba, kwa kila mtu mmoja anayesherehekea, wako kumi wanaosema, "Mechi moja tu ilinichania mkeka." Kila mmoja katika hao kumi anayo mechi yake ya kuishitaki. Ana jina la mwamuzi, ana dakika, ana mchezaji aliyekosa goli ambalo hata mtoto angelifunga. Mkeka, basi, haufumi hasara peke yake. Hufuma na mashahidi wa uongo wasiojua kwamba ni waongo, maana kila mmoja ameona kwa macho yake lile alilolisema, ila hakuwaona wenzake tisa.

Na kushuka kwa odi je? Odi ni bei, na bei hupanda na kushuka kama ya mahindi sokoni. Mchezaji hodari akiumia, odi husogea. Orodha ya kikosi ikitangazwa, odi husogea. Watu wengi wakiweka fedha upande mmoja, kampuni hupunguza odi ya upande ule ili isielemewe. Kuona odi imeshuka na kusema mechi imeuzwa ni kama kuona mawingu na kusema jirani ameiba mvua.

Kijana alitazama daftari kwa muda mrefu. Halafu akasema neno ambalo mwalimu hakulitazamia: "Lakini mjomba, mechi huuzwa. Hilo nalo si hadithi."

Si hadithi. Mwenye haki hakatai kweli kwa sababu imetoka katika kinywa cha mtu aliyekosea. Mwezi wa Februari mwaka 2016, siku ya mwisho ya kundi C la Ligi Daraja la Kwanza ya Tanzania, Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zinagombea nafasi ya kupanda Ligi Kuu kwa tofauti ya magoli. Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa magoli 8 kwa 0. Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro magoli 7 kwa 0. Magoli kumi na matano katika alasiri moja, na kila upande ukihitaji magoli mengi kuliko mwenzake! Shirikisho la mpira lilichunguza, na mwezi wa Aprili timu zile nne zikaadhibiwa kwa kushushwa daraja, na baadhi ya watu wakafungiwa. Nafasi ile ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, ambayo mwaka uliofuata ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Lakini yafaa kuangalia vizuri: kilichotafutwa pale hakikuwa fedha ya mikeka. Kilikuwa cheo. Watu walinunua daraja, na yamkini hakuna mkeka hata mmoja wa Itumba uliokuwa katika mawazo yao.

Iko pia ile inayouzwa kwa ajili ya dau. Tarehe 1 Desemba 1962, huko Uingereza, wachezaji watatu wa Sheffield Wednesday waliweka kila mmoja pauni 50 kwamba timu yao wenyewe itafungwa na Ipswich. Ilifungwa 2 kwa 0. Mwaka 1965 walihukumiwa kwenda jela. Mmoja wao, Tony Kay, alicheza vizuri hata gazeti la The People likamtaja kuwa mchezaji bora wa siku ile. Na gazeti hilo hilo ndilo lililokuja kuifichua njama mwaka 1964. Macho ya waandishi waliozoea mpira yalimtazama mtu aliyeiuza mechi, yakamvika taji.

Afrika Mashariki nayo imo. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia George Owino, aliyepata kuichezea timu ya taifa ya Kenya, kwa miaka 10, kwa njama alizofanya kati ya mwaka 2009 na 2011 na Wilson Raj Perumal wa Singapore, mnunuzi mashuhuri wa mechi. Siku zile zile mchezaji wa zamani wa Malawi, nchi iliyo ng'ambo ya mto Songwe, alifungiwa maisha. Mwaka 2020 wachezaji wanne waliokuwa katika timu ya Kakamega Homeboyz walifungiwa pia, mmoja wao maisha.

Katika habari hizi zote iko kanuni moja ambayo walalamikaji wa vibandani huipindua. Mpangaji wa matokeo huweka fedha yake kwa kampuni ya kubashiri, akijua lile ambalo kampuni hailijui. Anayelipa, basi, ni kampuni. Kwa sababu hiyo wako watu ambao kazi yao ni kuangalia mwendo wa odi katika dunia nzima, na kuuliza habari pale fedha nyingi inapomiminika upande mmoja bila sababu inayoonekana. Kampuni hazifanyi hivyo kwa wema. Zinalinda mfuko wao. Kwao, ulimwengu wenye mechi safi ndio wenye faida ya hakika, maana mkeka huwalipa bila kumhonga mtu yeyote.

Mfano mkubwa ulitokea Afrika Kusini. Tarehe 12 Novemba 2016, mjini Polokwane, Afrika Kusini ilicheza na Senegal kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana alitoa penalti dhidi ya Kalidou Koulibaly kwa kosa la kushika mpira, na mpira ule ulikuwa umemgonga gotini. Afrika Kusini ikashinda 2 kwa 1. Mwendo wa odi za idadi ya magoli katika mechi ile ulikuwa miongoni mwa ushahidi uliotumika. Mwaka 2017 Lamptey alifungiwa maisha, mechi ikaamriwa irudiwe, na Senegal ikashinda 2 kwa 0, ikaenda Urusi mwaka 2018.

Mwalimu alipofika hapa katika mazungumzo yake alinyamaza. Kijana alidhani amechoka. Kumbe alikuwa anakumbuka usiku ule wa mwaka 2017 alipoisikia habari ya Polokwane katika redio, akaizima redio kabla taarifa haijaisha, akakaa gizani.

"Nitakuambia jambo," alisema, "ambalo mama yako halijui, wala marehemu shangazi yako hakulijua."

Katika miaka ya 1980, vijiji viwili vya kata moja vilicheza fainali ya kugombea mbuzi. Mwamuzi alikuwa yeye, kijana mwenye filimbi mpya na mshahara mdogo. Usiku wa kuamkia mechi, mtu mmoja wa kijiji cha kwanza alimletea debe la maharage. Hakutaja mechi. Alisema tu kwamba mwalimu ni mgeni na wageni hutunzwa. Mwalimu alilipokea debe lile, akajiambia kwamba maharage si rushwa. Kesho yake, mechi ikiwa sare na jua linazama, mpira ulimgonga goti beki wa kijiji cha pili ndani ya eneo la hatari. Aliliona goti kwa macho yake mawili. Lakini mkono ulio na filimbi ulipanda wenyewe kama mkono wa mtu mwingine, na filimbi ikalia.

Kipa wa kijiji cha pili aliruka kushoto, mpira ukaenda kulia. Mbuzi akaondoka na kijiji cha kwanza.

Usiku ule ule kijiji cha pili kilianza kusema kwamba mechi imeuzwa. Na ilikuwa kweli: iliuzwa kwa debe la maharage. Walakini hakuna aliyemtaja mwamuzi, kwa kuwa mwalimu alikuwa mtu wa heshima. Walimtaja kipa. Kwa nini aliruka kushoto? Kwa nini wiki ile alionekana akinywa na watu wa kijiji cha kwanza? Maneno yalitoka kilabuni yakaenda kisimani, yakatoka kisimani yakaingia nyumbani kwa wakwe zake. Kipa hakudaka tena. Kabla ya mwaka kwisha alihamia Tunduma, akaanza kazi ya kupakia mizigo mpakani. Na mwalimu, kila aliposikia kipa anatajwa kwa ubaya, alikaa kimya. Na kila mara kimya kile kilikuwa debe jingine la maharage.

Hapa ndipo neno lile, mechi imeuzwa, linapoonyesha uzito wake. Mtu aweza kusema kweli juu ya jambo na akasema uongo juu ya mtu. Wanakijiji walijua kwamba wameibiwa, wakamkamata asiyeiba, kwa sababu alikuwa karibu, na kwa sababu kosa lake lilionekana. Kipa huruka mbele ya watu wote. Debe huingia usiku. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza mwaka 1962, ambapo mwuzaji alisifiwa. Ndivyo ilivyo kibandani, ambapo kijana aliyekosa goli huitwa mwizi na watu wasiomjua, na hali yule anayeuza mechi, akiwapo, huenda anacheza vizuri kuliko wote.

Shaka ni mbwa wa mlinzi. Mbwa anayebweka kila jani linapoanguka humchosha mwenye nyumba, na usiku mwizi anapokuja kweli hakuna anayeamka. Mpira unahitaji mbwa anayejua harufu. Kundi C la mwaka 2016 halikufichuliwa na mtu aliyechanikiwa na mkeka. Lilifichuliwa na matokeo yasiyowezekana yaliyochunguzwa kwa utaratibu. Polokwane ilifichuliwa na goti, na odi, na watu waliopewa kazi ya kuuliza. Shaka yenye ushahidi humlinda kipa asiye na hatia. Shaka isiyo na ushahidi humhamisha kijijini.

Tena iko hasara nyingine, iliyo ya ndani. Mtu anayeamini kwamba ameibiwa hujiona anastahili kulipwa. Kwa hiyo hurudi. Angekubali kwamba hesabu yenyewe ndiyo iliyomla, angeuacha mkeka, maana hesabu haibembelezwi wala haitubu. Lakini mwizi aweza kukosa kuja siku nyingine. Na tumaini hilo dogo ndilo linalomtoa mtu kitandani Jumamosi kwenda kuweka dau jingine. Neno lile la lawama, ambalo kijana alilidhani kuwa ni uasi dhidi ya kampuni, lilikuwa ndilo kamba lililomfunga kwake.

Kijana aliuliza swali moja tu: "Yule kipa, mjomba, alijua kwamba ni wewe?"

"Hajui mpaka leo."

"Yu hai?"

"Yu hai. Yuko Tunduma. Ana wajukuu."

Wote wawili wakatazama chini. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, na milima ya Ileje ilikuwa haijaonekana bado. Mwalimu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na fedha ya mfuko mmoja wa mbolea, si miwili. Akamwambia kijana kwamba hiyo atampelekea mama yake mwenyewe kwa mkono wake, na kumweleza ule mfuko wa pili umekwenda wapi, bila kutaja kampuni, wala mwamuzi, wala dakika za nyongeza.

"Na wewe, mjomba?"

"Nami nina wangu wa kumweleza."

Kijana alikwenda siku ile ile. Mama alilia, kisha alinyamaza, kisha akauliza bei ya mbolea. Ndiyo njia ya kina mama ya kusamehe kabla hawajasema kwamba wamesamehe. Mwalimu alichelewa siku tatu. Siku ya nne alipanda gari la alfajiri la kwenda Tunduma. Katika mfuko wake alichukua ile filimbi ya zamani, iliyoota kutu mdomoni, na juu ya magoti yake alipakata debe la maharage, lililojaa mpaka ukingoni.

Abiria aliyekaa karibu naye alimuuliza kama anakwenda kuyauza.

"La," alisema. "Nayarudisha."

Ila alijua kwamba aliyempa maharage yale alikufa zamani, na kwamba yule anayepelekewa hakupata kuyaona hata punje. Deni la namna hiyo halina stakabadhi. Hulipwa kwa kutajwa tu, mbele ya mtu aliyelibeba miaka yote bila kujua ni la nani.